Kutoka Jioni Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Baa, Grosari na Kokteli

Maswali haya nimeulizwa na shemeji aliyehamia kutoka Mbeya, na rafiki wa Mombasa anayekuja Dar kikazi, na binamu aliyekaa Uingereza miaka mingi akarudi likizo akidhani bado anaujua mji. Nimeyajibu mara nyingi mno, tena mezani penye kelele, kwa hiyo nimeona bora niyaandike. Anayejibu ni mtu wa bia tatu, nne zikizidi. Mke wangu anayo hesabu yake.

Baa, grosari, pabu, launji: tofauti yake nini?

Kinachowachanganya wageni kwanza ni grosari. Ukiambiwa "tukutane grosari", usije na mfuko wa kununulia mchele. Hapa kwetu grosari ni kijisehemu kidogo cha vinywaji: friji moja au mbili, kaunta yenye nondo, viti vya plastiki nje chini ya mwarobaini au turubai. Wateja ni wa mtaani na wanajuana kwa majina ya watoto wao: Baba Neema, Mama Jose. Baa ni kubwa zaidi, ina wahudumu, ina jiko la nyama, televisheni, na mara nyingi meza ya pool. Pabu ni baa iliyojiongezea jina na kiyoyozi. Launji ina masofa, taa hafifu, shisha na muziki wa kukufanya uongee kwa ishara. Hoteli na sehemu za kokteli ni habari nyingine, nitazifikia.

Kuna pia kilabu, yaani kilabu cha pombe za kienyeji, ambacho hakina uhusiano wowote na klabu ya usiku. Ukimwambia dereva wa bajaji "nipeleke kilabuni", fafanua.

Mimi ni mgeni. Nianzie mtaa gani?

Inategemea unatafuta nini. Ukitaka baa za Kiswahili zenyewe, zenye nyama, kelele na watu wa kila aina, nenda Sinza, Mwenge, Kijitonyama, Kinondoni au Tabata. Sinza peke yake unaweza kuzunguka wiki nzima bila kurudia kiti. Ukitaka kokteli na upepo wa bahari, ni rasi ya Msasani: Masaki na Oysterbay. Ukitaka miguu mchangani, panda pantoni Magogoni uvuke Kigamboni, au pitia Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, kisha endelea hadi fukwe za Mjimwema. Katikati ya mji, Posta na Kivukoni, jioni za kazi kuna uhai mpaka saa mbili tatu hivi, halafu watu wanatawanyika.

Ushauri wangu: usiku wa kwanza usiende Masaki. Nenda Sinza ujue mji unavyokunywa, Masaki itakusubiri.

Nikishakaa tu, kinafuata nini?

Dada atakuja, atafuta meza kwa kitambaa, atasema "karibu, kaka" au "karibu, anko" kulingana na mvi zako. Utataja bia. Kisha litakuja swali linalowashangaza wote waliotoka ng'ambo: "Ya moto au baridi?"

Hatanii. Bia "ya moto" ni ile iliyotoka kwenye kreti, haijaguswa na friji, na wapo watu wazima wenye akili zao timamu wanaoipenda hivyo, hasa wazee na waliotoka mikoa ya baridi. Wengine huagiza "vuguvugu". Ndiyo maana kunywa bia hapa kunaitwa kupata moja moto, moja baridi. Ukitaka baridi sema "baridi sana", na akikuletea, shika chupa kabla haijafunguliwa. Hiyo ni haki yako na yeye mwenyewe anaitegemea: atakusogezea chupa uiguse, ukitikisa kichwa cha kukubali ndipo atoe opena mfukoni. Chupa ifunguliwe mbele yako, kila mara. Ikija imeshafunguliwa, irudishe kwa upole.

Na jambo moja kwa wenzetu wa Nairobi na Mombasa. Mjini kwenu "nipe Tusker" ni lugha ya kawaida. Dar inasikika kama unamgombeza mtu. Huku ni "naomba", au "dada, nisaidie". Maneno mawili tu, lakini utaona chupa zinavyokuja haraka.

Kwa nini mhudumu anaacha chupa tupu mezani? Ni uchafu?

Si uchafu, ni hesabu. Mahali pengi bili haiandikwi popote mpaka mwisho: chupa zilizoko mezani, au visoda, yaani vifuniko vyake, alivyovikusanya kwenye sahani, ndivyo vinavyohesabiwa. Ndiyo maana ukisogeza chupa zako meza ya jirani utaonekana mwizi, hata kama ulitaka tu nafasi ya kuweka viwiko.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo wageni wengi wanapokosea bila kujua. Kwenye baa nyingi mhudumu haandikiwi deni na baa. Anachukua kinywaji kaunta kwa jina lake. Anakilipia papo hapo kwa pesa aliyopewa mwanzo wa zamu, au kinaandikwa kwenye daftari lake. Wewe ukinyanyuka bila kulipa, mwenye baa hajapoteza kitu. Aliyepoteza ni yule dada, na mshahara wake wa mwezi mzima unaweza usifike bei ya meza moja ya watu wanaokunywa vizuri.

Nilijifunza hili kwa aibu. Tulikuwa sita, baa moja ya Sinza, siku ya mshahara. Kila mmoja aliondoka akijua mwenzake kalipa. Kesho yake jioni nikarudi kutafuta mwamvuli niliousahau. Dada aliyetuhudumia akautoa chini ya kaunta, akautoa pamoja na mfuko mdogo wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na visoda. "Kumi na tisa, kaka," akasema, wala hakupandisha sauti. "Nimeshalipa kumi na moja. Nane bado ninadaiwa." Alikuwa amevitunza kwa sababu, alisema, alijua mmoja wetu atarudi. Nililipa, nikaongeza, na bado sikuweza kumtazama usoni.

Basi fanya hivi: jua jina lake mapema, mweleze mwanzoni kama mnalipa kila raundi au mwisho, na mkiwa kundi, mtu mmoja atajwe kuwa ndiye wa bili. Usibadilishe mhudumu katikati. Na neno "baamedi" liache. Utalisikia, lakini linatamkwa kwa dharau. Mhudumu, au dada, yatosha.

Bia zipi zipo, na bei zikoje?

Za nyumbani zinazoonekana kila mahali ni Safari, Kilimanjaro, Castle Lager, Castle Lite na Serengeti. Safari ndiyo nzito kati ya hizo, asilimia 5.5 ya kilevi, na wanywaji wake hawabadiliki kirahisi. Kilimanjaro ni nyepesi zaidi, 4.5, nayo ndiyo watalii wanayoipenda kwa sababu ya picha ya mlima. Serengeti iko katikati. Ndovu ni ya wanaotaka chupa ndogo na maelezo marefu. Balimi ni ya Kanda ya Ziwa. Ukimwona mtu Dar anaiulizia, muulize habari za Mwanza, hutakosea.

Bei hupanda na kushuka na kodi za bajeti, lakini kwa kawaida bia kubwa ya nusu lita kwenye grosari au baa ya mtaani ni kati ya shilingi 2,000 na 3,000. Bia hiyohiyo Masaki ni 5,000 na kuendelea. Kinywaji hakijabadilika, unalipia kiti na bahari.

Malipo: pesa taslimu au simu. Karibu kila kaunta imebandikwa Lipa Namba. Hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la baa na si la mtu binafsi kabla hujaweka namba ya siri. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hasa sehemu za bei kubwa. Inakuonyesha kama VAT, kodi ya ongezeko la thamani, imo ndani ya bei au inakuja juu yake. Mwisho wa usiku si wakati mzuri wa kugundua.

Konyagi ni nini hasa?

Jina limetokana na koniaki ya Wafaransa, lakini vilivyomo ni vitu tofauti kabisa. Konyagi ni kinywaji kikali cheupe kama maji, asilimia 35, kinachokaribiana na jini kwa harufu, kinatengenezwa hapahapa Dar es Salaam. Chupa kubwa ya mililita 750 inaitwa mzinga, ile bapa inayoingia mfuko wa nyuma wa suruali inaitwa bapa, na ukitaka kipimo kimoja omba toti. Zamani kulikuwa na viroba, vile vipakiti vya nailoni vilivyouzwa kwa bei ya pipi mpaka vituo vya daladala. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na sijasikia mzazi aliyevililia.

Namna ya kuinywa: na Stoney Tangawizi, barafu, na kipande cha ndimu. Ukali wa tangawizi unaukamata ukali wa Konyagi. Wengine huweka bita lemoni, wengine maji tu. Anayekunywa kavu ni ama mkongwe ama ana msiba.

Na kokteli? Zinapatikana wapi na niagize nini?

Masaki, Oysterbay na hoteli kubwa za mjini. Kwa kokteli moja andaa shilingi 15,000 hadi 25,000, hotelini zaidi. Kwa hesabu ya Sinza hiyo ni meza nzima yenye furaha, ndiyo maana watu wa Dar huagiza kokteli moja wakaitunza kama yai.

Za kwanza kuzijaribu ni zile zenye matunda yetu. Pasheni ni mfalme hapa, iwe na ramu au vodka, mbegu zikielea juu. Ukwaju una uchachu unaomfaa mtu asiyependa sukari. Tangawizi na miwa vinaendana na Konyagi kuliko ramu yoyote iliyosafirishwa, na kama mchanganyaji hajaiweka kwenye orodha, mwombe. Wengi hufurahi kuulizwa kitu cha nyumbani baada ya kuchanganya mojito hamsini.

Kisha kuna dawa. Jina ni letu, lakini umaarufu wake ulianzia Nairobi: vodka, ndimu iliyopondwa, barafu, na asali inayokuja imezungushwa kwenye kijiti. Kijiti ndicho cha kuchezea. Unakorogea taratibu, kinywaji kinaanza kikali na kumalizika kitamu. Huku kwetu wengi huiweka Konyagi badala ya vodka, na mimi naona inakuwa bora, ila rafiki yangu wa Mombasa huwa hataki kusikia.

Ukiona kokteli ni ya rangi ya bluu, jua unalipia picha.

Nataka kuona jua likizama baharini nikiwa na glasi mkononi. Niende wapi?

Swali zuri, kwa sababu wengi hukosea. Dar es Salaam imetazama mashariki. Coco Beach inakupa jua likichomoza, jioni linazama nyuma yako, kwenye nyumba za watu. Ili ulione likizama majini unatakiwa upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, unaotazama ghuba. Slipway, iliyokuwa karakana ya mashua, ndiyo maarufu: meza zimepangwa ukingoni, ngalawa na boti zimetia nanga mbele yako, jua linashuka ng'ambo ya ghuba. Fika saa kumi na moja na nusu. Mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo hivi, na likishaamua halisubiri aliyekwama kwenye foleni ya makutano ya Morocco.

Ukipenda kuuona mji na bandari kwa juu, panda ghorofa ya nane ya Hyatt Regency Kivukoni, jengo ambalo wazee bado wanaliita Kilimanjaro Hoteli, lililofunguliwa 1965. Meli zinazoingia mlangoni mwa bandari zinapita karibu kiasi cha kusoma jina.

Coco Beach yenyewe usiiache. Nenda Jumapili alasiri, ule mihogo ya kukaanga na mishikaki yenye pilipili. Hapo kinywaji ni cha ziada.

Nyama naagizaje, na kwa nini nimeletewa bili mbili?

Kwa sababu jiko na kaunta mara nyingi ni biashara mbili za watu wawili. Mwenye jiko amekodi kona yake. Bia unalipa kwa dada, nyama unalipa kwa mtu wa jiko. Usigombane na yeyote, ndivyo ilivyo.

Nyama usiagize ukiwa umekaa kama una miguu. Nyanyuka uende jikoni, tazama kilichoning'inia, onyesha kwa kidole: mbuzi, mbavu, kilo moja au nusu. Ipimwe ukiiona. Hapo utaambiwa "dakika ishirini tu", maana yake dakika hamsini, kwa hiyo agiza nyama kabla ya bia ya kwanza. Kabla haijafika atakuja kijana na jagi la maji ya uvuguvugu, beseni na sabuni, atakumiminia unawe. Kisha nyama inaletwa juu ya ubao au sinia, anaikata mbele yako vipande vya kuingia mdomoni, pembeni chumvi, pilipili mbichi, ndimu, kachumbari, na ndizi za kuchoma kama uliomba. Uma haupo. Ukiuomba utaletewa, na utatazamwa.

Asiyetaka kuchoma aagize mchemsho, wa kuku wa kienyeji au samaki, na ndizi na mboga ndani ya bakuli kubwa. Ni chakula cha mtu anayetaka kuamka kesho.

Kitimoto?

Nyama ya nguruwe. Hupikwa kwenye jiko lake la pembeni, mara nyingi nyuma ya baa, na vyombo vyake. Inauzwa kwa kilo, ya kukaanga kavu au rosti. Wapo wanaovuka mji mzima kwa ajili ya jiko moja. Kama hamli, hamtalazimishwa wala kuchanganyiwa. Uliza tu jiko lipi ni lipi. Na mkiwa kundi lenye Waislamu, muulizeni mwenzenu kabla hamjaiagiza mezani kwake. Wengi watasema hawana neno, lakini kuulizwa ni heshima.

Sinywi pombe. Nitaonekana kituko?

Hata kidogo. Nusu ya meza za Dar zina mtu wa soda, na anayekunywa Bavaria isiyo na kilevi au malta hana haja ya kujieleza. Tatizo pekee ni mlevi wa meza ya pili atakayetaka kujua kwa nini. Mwambie unatumia dawa, ataanza kukuhurumia na kukusimulia shinikizo la damu la mama yake.

Mimi ni mwanamke. Naweza kwenda peke yangu?

Unaweza, na wengi wanafanya hivyo, ila sehemu zinatofautiana. Masaki hakuna atakayekugeukia. Baa ya mtaani utatazamwa dakika kumi za kwanza, halafu wataendelea na mpira wao. Kaa karibu na kaunta, si kona ya giza, na jitambulishe kwa mhudumu. Yeye ndiye mlinzi wako kuliko yule bwana wa mlangoni, kwa sababu anajua nani ni nani.

Itakuja ofa. Utaletewa chupa usiyoagiza na kuambiwa "yule kaka pale". Hulazimiki. Sema: "Mwambie nashukuru sana, niko sawa," nayo irudi ikiwa haijafunguliwa. Ukiipokea, iwe imefunguliwa mbele yako, na haimaanishi umepokea kitu kingine. Ukienda msalani, usiache glasi nusu. Ukirudi agiza nyingine. Hili la mwisho ni la wanaume pia. Waliowekewa kitu wakaamka bila simu wala pochi wengi ni wanaume waliokuwa wanajiona wajanja.

Huyu aliyekaa mezani kwetu bila kualikwa tumfanyeje?

Mpe bia moja, mwambie mna kikao. Akiomba ya pili, mwite mhudumu.

Bahshishi inatolewaje?

Si lazima na hakuna asilimia. Chenji ndogo unaiacha. Ukitaka kumshukuru mhudumu vizuri, mwambie "na wewe chukua yako", yaani unamnunulia kinywaji. Wengi hawatainywa. Wataiandikisha kaunta na kuchukua thamani yake mwisho wa zamu, ikawa nauli ya bodaboda usiku. Kwa hiyo usimbane ainywe mbele yako.

Muziki wa dansi bado upo, au ni amapiano tu?

Upo, ila unautafuta. Msondo Ngoma, bendi iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz, na Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoanzishwa 1978, ndizo zilizoulea mji huu, na ushindani wao uligawa familia kama Simba na Yanga. Twanga Pepeta walikuja baadaye na kasi yao. Maonyesho yanahama kumbi, kwa hiyo soma mabango ya barabarani au muulize dereva teksi mwenye umri wa kutosha.

Bango likisema saa mbili usiku, bendi itaanza kupima vyombo saa tatu na nusu. Utawaona wazee waliopiga pasi shati mpaka mikono ina makali. Anayeguswa na wimbo hutembea taratibu hadi jukwaani, noti imekunjwa mkononi, akamtunza mwimbaji kwa kuibandika kwenye paji la uso au kuisukuma mfuko wa shati, kisha anarudi kucheza na mkewe bila kutazama kando. Jaribu kuwa hapo gitaa la solo likianza kuzunguka, kabla hujaamua kwamba muziki wa siku hizi unakutosha.

Siku ya Simba na Yanga nifanyeje?

Fika saa mbili nzima kabla ya mpira kuanza. Uliza meza ipi ni ya nani. Usivae nyekundu wala kijani kama huwezi kuvumilia utani, na usibishane na mzee aliyekaa chini ya televisheni, kiti kile ni chake.

Pombe za kienyeji je?

Mnazi ndiyo kinywaji cha pwani hii tangu kabla ya chupa. Mgema hupanda kwenye kole asubuhi na jioni, na kilichogemwa asubuhi ni kitamu, chepesi. Kikikaa hadi jioni kimeshakuwa kikali. Ndani ya jiji ni adimu, na unachouziwa hapo mara nyingi kimeongezwa maji, hata bila mgema kusifiwa. Tafuta vijiji vya pwani, Kigamboni ya ndani au njia ya Bagamoyo.

Mbege ya Wachaga, ya ndizi na ulezi, unaipata kwenye sehemu za watu wa Kilimanjaro, ndani ya kibuyu au jagi. Ulanzi wa mianzi ni wa Iringa, na msimu wake ni wa mvua. Gongo usiguse. Si halali, na hakuna ajuaye kilichomo.

Baa zinafungwa saa ngapi? Na Ramadhani?

Muda umewekwa na leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na umri ni miaka 18. Utekelezaji unakwenda kwa mawimbi: kuna miezi polisi wanapita na kila kitu kinazimwa, kuna miezi hakuna anayeuliza. NEMC, baraza la mazingira, nao wamewahi kuzifungia baa na kumbi kwa kelele. Taa ikiwashwa ghafla, lipa na uondoke.

Ramadhani baa za bara hazifungwi zote, lakini nyingi hupunguza muziki na wengine hufungua baada ya futari. Usinywe barabarani mchana. Zanzibar ni habari nyingine kabisa, karibu kila kitu kinafungwa nje ya hoteli.

Narudije nyumbani?

Usiendeshe. Ita gari kwa programu ya simu, au chukua bajaji uliyopewa na mhudumu, maana kila baa ina madereva wake wanaojulikana. Bodaboda baada ya bia nne ni kamari, hata kama aliyekunywa ni wewe na si yeye. Mwendokasi na daladala usizitegemee usiku mwingi. Na masika, kati ya Machi na Mei, kabla hujavuka kwenda kunywa upande wa pili uliza kama Jangwani, lile bonde linalofurika, panapitika. Kuna watu wamelala Magomeni bila kupanga.

Nitajuaje kinywaji si bandia?

Pombe kali tazama stempu ya TRA, mamlaka ya mapato, kwenye kizibo, iwe haijachanika. Chupa ya bei kubwa inayouzwa kwa bei ya bapa, hiyo nayo ni taarifa.

Na asubuhi yake?

Supu. Kongoro, utumbo, au ya mbuzi, na chapati mbili. Baa ileile ya jana, ukipita saa moja asubuhi, utaikuta imegeuka: viti vimepinduliwa juu ya meza, sakafu ina maji, sufuria kubwa inachemka jikoni. Wapo watakaoagiza bia moja ya kuzimua. Mimi nakamua ndimu, naweka pilipili ya kichaa, nanywa kimya. Dada wa jana huwa hayupo, zamu yake inaanza saa tisa alasiri. Kama ulibakiza chochote, mwachie mtu wa kaunta, umtajie jina la dada.